Breki za Mafuta na Jibu la Posa

Jumatatu, 5 Julai 1999

Siku njema kabisa! Vidole viwili vimeungua, lakini siku njema.

Barua yangu ya posa iko kwa Mzee Kelestini tangu Pasaka. Jibu, hakuna. Mjomba Pantaleo, mshenga wangu, amekwenda kuulizia mpaka mbwa wa pale wameacha kumbwekea. Kila akienda anapewa chai na kuambiwa familia bado inajadiliana. Leo kaniletea ukweli. Getrude mwenyewe hana neno, alishakubali zamani. Anayesita ni baba yake. Mzee aliendesha trekta kwenye mashamba ya miwa mpaka akastaafu, anajiona anajua chuma, na anasema hajaona bado huyu Viktor ni fundi wa nini hasa. Baiskeli za kawaida hata yeye anajitengenezea.

Nilisikitika mpaka chai ikapoa. Halafu Mungu akaleta njia.

Mzee amempangisha chumba Bi Aikande, yule dada wa Kichaga aliyekuja kuchunguza samaki wa mto Kilombero. Amesoma Ulaya na amerudi na baiskeli. Nasema baiskeli kwa sababu sina neno lingine. Matairi manene, gia kibao, na breki hazina waya wala raba za kubana rimu! Katikati ya kila gurudumu kuna sahani ya chuma yenye matundu. Ukibana mkono wa breki, mafuta yanasukumwa ndani ya mpira mwembamba mpaka kwenye kidude chenye pedi mbili, nazo zinaiuma sahani. Kama gari.

Leo alikuwa anatoka nayo Katindiuka na breki ya mbele imeng'ang'ania, inalia njia nzima. Mzee akamwambia ailete kwangu. Kwangu! Akaja naye, mikono nyuma, kuniangalia. Nikampa shikamoo mara mbili kwa hofu. Bi Aikande akauliza kama nimewahi kushika breki za mafuta. Upande wa pili wa barabara Shilinde, yule fundi mwenzangu mwenye mdomo mrefu, alikuwa ameacha kugonga ili asikie. Nikasema nimezishika sana, kule Mikumi. Mikumi nimepita mara moja, nimelala ndani ya basi.

Ili kuonyesha uzoefu nikaikamata ile sahani kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Mama yangu! Ilikuwa ya moto kama kikaango. Sikupiga kelele. Nilisema taratibu kwamba naam, ina joto, nikaweka vidole mfukoni na kuviacha humo.

Bi Aikande akaanza maagizo. Baiskeli isipinduliwe kichwa chini, kwa sababu upepo utaingia kwenye mpira wa mafuta na breki itakufa. Nikitoa gurudumu nisibane breki hata kidogo, na niweke kipande cha kadi kati ya pedi. Sahani isiguswe na mafuta ya aina yoyote, hata ya mikononi. Ndani yaingie mafuta ya kichupa alichoniachia tu, na nijihadhari nayo maana yanababua rangi na yanawasha macho. Mwisho kabisa, mtu yeyote asiipande mpaka yeye mwenyewe aijaribu kwenye tambarare, taratibu. Nikaitikia naam, naam. Watu waliosoma wanapenda kusema. Mimi nageuza baiskeli tangu yeye yuko shule ya msingi.

Mzee akasema nikiiweza hii, jibu la barua litatoka Jumapili.

Jumapili!

Jumanne, 6 Julai

Nimeipindua.

Nieleze. Hakuna fundi Ifakara anayefanya kazi na baiskeli iliyosimama. Mteja akikuta imesimama anadhani unajaza upepo tu. Unaipindua, inakaa kwa siti na usukani, magurudumu juu, unazungusha, watu wanajua hapa kuna kazi. Ni Shilinde peke yake asiyepindua. Yeye amefunga kamba kwenye boriti ya kibanda chake, anatundika baiskeli za watu kama mbuzi buchani. Sasa mimi niiache imesimama ili Shilinde atangaze soko zima kwamba namuiga? Hapana.

Watu wakajaa. Nikatoa gurudumu la mbele kwa madaha. Mzee mmoja wa magengeni akauliza hiyo breki inafanyaje kazi bila waya. Swali zuri. Nikamwonyesha. Nikabana mkono wa breki, nikabana tena, pedi zikasogeleana mpaka zikabusiana, na hazikurudi. Gurudumu likagoma kuingia. Shilinde akauliza kutoka ng'ambo kama baiskeli imepata pepopunda. Watu walicheka sana, kuliko ilivyostahili.

Nikaingiza bisibisi katikati, nikapanua kwa nguvu. Pedi moja ikamenyeka pembeni. Kitu kama machozi kikatoka kwenye kile kidude.

Nikawaambia watu hayo ni mafuta ya zamani, lazima yatoke.

Jumatano, 7 Julai. Saba Saba

Watu wote mapumzikoni, wamevaa, wanatembea. Mimi kibandani.

Juu ya usukani kuna kikopo kidogo cha mafuta ya breki, kina kifuniko. Nilitaka kuona yamebaki kiasi gani. Nikafungua kifuniko. Baiskeli ilikuwa bado imepinduliwa. Ndiyo, najua! Yote yakamwagika juu ya kibao changu kipya nilichokiegemeza chini, kile kilichoandikwa VIKTOR FUNDI BINGWA kwa rangi nyekundu. Nilipokuja kukifuta, neno la mwisho likatoka pamoja na tambara. Bi Aikande alisema kweli kuhusu rangi. Kuhusu macho pia alisema kweli, nimejua baada ya kujifuta jasho.

Mzee Kelestini akapita na kofia yake ya sikukuu. Akaniambia kwenye trekta, wakishafungua mfumo wa mafuta, ilikuwa lazima watoe upepo: unalegeza skrubu ya chini, mwenzako anakandamiza, unakaza, anaachia, hivyo hivyo mpaka mapovu yaishe. Akauliza kama nimetoa. Nikasema nimeutoa wote.

Alipoondoka nikaanza kuutoa. Nilisimamisha baiskeli, nikajaza kutoka kwenye kichupa, nikalegeza skrubu, nikabana, nikajaza, nikabana. Nilishangaa breki hii inavyokunywa. Kichupa kikaisha. Hapo ndipo nikaona mchanga chini umelowa. Skrubu sikuwa nimeikaza hata mara moja.

Jicho bado jekundu. Mjomba Pantaleo alipita akasema nimependeza kama bwana harusi aliyelia.

Alhamisi, 8 Julai

Hakuna mafuta.

Kwenye duka la vipuri vya magari yapo, tena yanafanana na yale ya kichupa. Lakini muuzaji ni shemeji yake Shilinde. Nikiingia pale kuulizia, kabla sijatoka Shilinde atakuwa ameshajua kwamba nimeyamwaga ya Bi Aikande. Afadhali kufa.

Nikafikiri. Nikaona cherehani ya Getrude. Anashonea barazani, vibanda vichache kutoka kwangu, na ana kopo la mafuta ya mashine: meupe, mepesi, hayana harufu. Ukiyaweka kwenye kichupa huwezi kutofautisha. Nikamwomba. Akauliza ya nini. Nikasema ya cheni. Akanipa kopo lote, akacheka, akauliza Jumapili apike nini mjomba akija. Ana meno mazuri Getrude. Niliona haya kidogo, lakini nikachukua.

Nimejaza mbele. Kisha nikaona nisibague, nikafungua na ya nyuma, nikachanganya. Mkono wa breki ukiubana mara ya kwanza unalala mpaka kwenye usukani. Mara ya pili unakataa kidogo. Mara ya tatu unakaza vizuri tu. Kwa hiyo inafanya kazi, ila inataka kubembelezwa.

Ikabaki kelele. Pedi iliyomenyeka ilikuwa inalia kwenye sahani. Nimekaa katika kazi hii muda mrefu na najua jambo moja: chuma kikilia, kinataka mafuta. Nikadondosha matone machache kwenye sahani zote mbili, nikazungusha.

Kimya! Kimya kitupu! Shilinde mwenyewe alinyanyua kichwa.

Ijumaa, 9 Julai

Nimeirudisha. Bi Aikande hayupo, amepanda treni kwenda Mlimba kupokea mizigo yake, anarudi kesho jioni. Nikampa mzee.

Aliinyanyua, akazungusha gurudumu la mbele, akatega sikio. Hakuna sauti. Akazungusha la nyuma. Hakuna sauti. Akanitazama namna ambayo hajawahi kunitazama. Akaita watu wa nyumbani waje wasikilize. Dada yake, shangazi Febronia, ambaye huwa ananiangalia kama mtu aliyekuja kuazima jembe, akaniletea kiti chenye mgongo. Getrude akaleta ubwabwa na kuku. Kuku!

Nilitaka kumwambia mzee kwamba breki inabanwa mara tatu. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini ukishasema inabanwa mara tatu, mtu anauliza kwa nini. Nilitaka pia kumkumbusha kwamba Bi Aikande alisema isipandwe mpaka aijaribu. Lakini pale mbele yangu palikuwa na paja la kuku.

Kesho nitapita nimwambie.

Jumamosi, 10 Julai

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilisikia kengele. Mzee alikuwa ameifunga kengele yake kwenye baiskeli ya Bi Aikande. Amevaa shati la Jumapili, amekunja suruali mguu mmoja. Anakwenda kivukoni kumpokea kaka yake anayetoka Mahenge, na alitaka kaka yake aione. Alipofika mbele ya kibanda changu akapunguza mwendo kwa kuacha kukanyaga, akaninyooshea kidole, akawaambia watu kwa sauti ya shambani kwamba jamani, hii ndiyo kazi ya mkwe wangu.

Mkwe! Mbele ya watu!

Nilijua. Lazima niandike kwamba nilijua. Nilijua mkono wa breki unalala, nilijua sahani ina mafuta, nilijua kivukoni kuna mteremko. Nilifungua mdomo. Upande wa pili Shilinde alikuwa ameshika nyundo hewani, ananitazama. Nikipiga kelele kwamba mzee simama, breki hazijakaa sawa, soko zima linasikia, na wa kwanza ni Shilinde.

Nikampungia mkono.

Nilimpungia mkono na nikatabasamu. Akapiga kengele, akaenda.

Alipokata kona nikarukia baiskeli ya mteja, nikamfuata kwa mbali. Nilipanga nikimfikia nje ya mji, pasipo watu, nimwambie polepole. Sikumfikia. Ile mashine ina gia. Nikajipa moyo kwamba barabara yote tambarare na huko mbele pengine atashuka akokote. Wazee wengi hukokota pale. Mto umepungua kwa kiangazi, kwa hiyo mteremko wa kushukia pantoni umekuwa mrefu kweli.

Hakukokota. Kaka yake alikuwa ameshaonekana chini, anashuka kwenye pantoni pamoja na ng'ombe wa Wasukuma na akina mama wenye ndoo za perege. Mzee akaanza kuteremka, mgongo umenyooka. Nikamwona anabana. Nikamwona anabana tena. Miguu ikatoka kwenye pedali. Akapaza sauti: pisha! pisha! Ng'ombe wakagawanyika. Ndoo ya perege ikaruka. Akaikosa pantoni, akagonga gunia la mpunga, akaendelea mwenyewe bila baiskeli mpaka kwenye tope, miguu majini. Mwanamke mmoja akapiga ukelele kwamba asubuhi pale pale ameonekana mamba. Wahudumu wa pantoni wakaingia wakamvuta. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umening'inia kama si wake.

Mimi nilikuwa nyuma ya lori. Nilikaa nyuma ya lori mpaka nikasikia wanauliza nani anamfahamu mzee huyu. Ndipo nikatoka mbio, nikauliza jamani kuna nini, kama mtu aliyefika sasa hivi.

Mzee akaniona. Akasema asante Mungu, mkwe yupo.

Jumapili, 11 Julai

Mzee amelazwa hospitali, mkono umevunjika juu ya kiwiko. Amefungwa hogo la plasta kutoka begani mpaka vidoleni. Mbavu zinamuuma akicheka, na alikuwa anacheka, ili kunifariji mimi.

Anasema kosa ni lake. Amezoea trekta, kule breki ni ya mguu, kwa hiyo kwenye mteremko akili yake ilikwenda miguuni na mikono haikubana sawasawa. Aliwaambia hivyo wauguzi, kaka yake, na kila aliyekuja kumjulia hali. Aliniambia nisijilaumu. Mimi! Nisijilaumu!

Ningeweza kukaa kimya tu. Hata kukaa kimya kungekuwa na nafuu. Lakini nilijisikia nikimwambia kwamba ndiyo mzee, breki za mafuta zinataka mazoea, watu wengi wa umri wako hupata shida. Akatikisa kichwa kukubali. Nilimfundisha hata namna ya kushika usukani, naye akanisikiliza na hogo lake.

Akasema jibu la posa ni ndiyo, ila anataka alitoe mwenyewe, nyumbani, akiwa amesimama. Nimepata. Nimepata nilichokitaka tangu Pasaka na siwezi kumeza chakula.

Jumatatu, 12 Julai

Mbaya zaidi.

Shangazi Febronia anatangaza kwamba aliyemvunja kaka yake ni Bi Aikande, aliyeleta mashine ya Ulaya kwenye nyumba ya watu. Amemwambia atafute pengine pa kulala. Nimemkuta Bi Aikande uani anapanga vitabu kwenye sanduku. Baiskeli imeegemezwa ukutani na tope lake. Akabana mkono wa breki, ukalala mpaka mwisho. Akapitisha karatasi nyeupe kwenye sahani, karatasi ikatoka inang'aa. Akainusa. Akaniuliza nilitumia mafuta gani.

Nikasema ya kichupa.

Hakubisha. Aliikunja ile karatasi, akarudi kwenye vitabu. Nilitoka pale kinyumenyume.

Shilinde alivuka barabara kuja kunipa pole ya mzee. Hakuuliza chochote, hakutania. Nilimchukia kuliko siku zote.

Jumanne, 13 Julai

Getrude amekuja kibandani na kopo lake la mafuta ya cherehani, lile nililomrudishia. Akaliinamisha mbele yangu. Halikudondosha hata tone. Akauliza ni cheni ya baiskeli gani inayokunywa namna hii.

Nilianza kueleza habari za kiangazi na vumbi. Akasema nisiendelee. Alikwisha kuongea na Bi Aikande. Hajamwambia baba yake, kwa sababu anataka aambiwe na mimi. Mpaka Jumamosi. Baada ya hapo atasema yeye, na barua ya posa atairudisha kwa mjomba yeye mwenyewe, bila kungoja wazee.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alinitazama tu kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapa jana na sasa hakioni.

Alhamisi, 15 Julai

Nimepata njia!

Mshenga kazi yake ni nini? Ni kusema kwa niaba yako yale usiyoweza kuyasema mwenyewe kwa wakwe. Basi. Nikamwita mjomba Pantaleo, nikamweleza yote, nikamwomba avae kanzu yake ileile aliyopelekea posa, aende hospitali, aseme kwa lugha ya kishenga kwamba tulikuja kuomba ua, lakini mwombaji ana kasoro kidogo upande wa breki.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ni kweli nilimpungia mkono. Nikasema ni kweli. Akasema yeye alitumwa kuomba mke, na kwamba kwa hili ameona aibu ya kutosha kwa kunisikiliza tu. Akanywa maji, akaondoka. Hakuaga.

Ijumaa, 16 Julai

Nimefika mlango wa wodi. Nimerudi. Nimenunua machungwa ya kuingilia. Nimefika mlangoni tena. Nimesikia sauti ya mzee anamsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu mkwe wake fundi.

Nimekaa nje, nimekula machungwa yote.

Jumamosi, 17 Julai

Nimesema.

Sikuipanga. Niliingia, Getrude alikuwa amekaa upande wa miguu, mzee akaninyooshea mkono mzima. Nikaanza kusema kabla sijaushika. Nilisema yote: kupindua, bisibisi, mafuta ya cherehani, matone kwenye sahani, Mikumi. Nilisema Bi Aikande alinionya kila kitu. Nilikuwa natazama hogo lake muda wote.

Mzee hakuuliza lolote kuhusu mafuta. Aliuliza kama nilijua pale alipopita sokoni. Nikasema nilijua.

Akasema, na ukanipungia mkono.

Nikasema ndiyo.

Akageukia ukutani. Nilitamani anitukane. Nilitamani anirushie kikombe. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifunika shuka mpaka kichwani, hata yeye aliona haya kwa ajili yangu.

Mwishowe mzee akasema bila kugeuka. Kule kwenye miwa alifundisha madereva wengi. Aliyesema sijui, alikaa naye mpaka akajua. Aliyesema najua wakati hajui, alimshusha kwenye trekta hata kama ni mtoto wa ndugu yake, kwa sababu nyuma ya trekta kuna watu. Akasema barua yangu haitupi. Lakini siku atakayonisikia kwa masikio yake nikisema neno sijui, siku hiyo nimtume mjomba. Kabla ya hapo, nisimtume.

Akamwagiza Getrude amwambie shangazi Febronia amwombe radhi Bi Aikande leo hii.

Getrude alinisindikiza mpaka getini. Akasema ni neno moja tu, Viktor. Akanishika mkono. Nililia pale getini mbele ya wauza karanga na sikujali. Sijawahi kujisikia mwepesi hivi.

Mungu ni mwema. Neno moja!

Jumapili, 18 Julai

Baada ya misa nilikwenda wodini. Walikuwepo wote: mzee ameketi amewekewa mito, kaka yake wa Mahenge, Getrude, shangazi Febronia, na Bi Aikande, ambaye amerudishiwa chumba chake na alikuwa ameleta uji. Nikamwomba msamaha mbele yao. Akaupokea. Hata shangazi alinisogezea nafasi kwenye benchi.

Kukawa na maongezi ya kawaida. Bi Aikande akasema mashua yake ya kazi imefika kwa treni, na ina injini ya kutundika nyuma, lakini injini inazimika kila ikiwashwa. Juma lijalo anatakiwa kuvuka mto na wenzake, na mwaka huu viboko ni wengi. Akauliza kama kuna mtu hapa Ifakara anayezijua injini za mashua. Hakuniuliza mimi. Aliuliza tu.

Lakini wote wakanigeukia. Mzee alijiinua kwenye mito mpaka akakunja uso kwa maumivu ya mbavu. Getrude alikuwa anatabasamu, na midomo yake ilikuwa inatengeneza lile neno polepole, kunisaidia. Nililiona neno lenyewe. Nilijua ndilo linalosubiriwa. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba hizo za kutundika nyuma ndizo nyepesi kuliko zote, nimezifungua sana, kule Kigoma.

Kigoma sijawahi kufika.

Mzee akajilaza taratibu, akageukia ukutani. Bi Aikande akasema asante, atauliza kwingine. Getrude akainuka. Alichukua kikapu chake, akapita mbele ya magoti yangu, na nikasikia ndala zake zikienda mpaka mwisho wa korido, na hazikurudi.

Nimeumia sana. Uso unawaka mpaka sasa ninapoandika. Ila nadhani leo wamenielewa vibaya. Neno la mzee nimelishika vizuri na sina kiburi nalo hata kidogo. Nitalisema, tena mbele ya watu wote, siku nitakayokutana na kitu nisichokijua.